Kutoka Buzwagi Hadi Theluji ya Japani: Maandalizi ya Safari ya Kwanza ya Skii

Safari ya kwanza ya skii nchini Japani huhitaji vitu ambavyo wilaya ya Kahama haina: mlima, theluji, na baridi ya kugandisha maji kwenye ndoo. Buzwagi, katika kata ya Mwendakulima, iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini ardhi yake ni tambarare. Mteremko mkubwa kuliko yote ni shimo la mgodi wa dhahabu ulioanza uzalishaji mwaka 2009 na kusimama mwaka 2021, nalo si mahali pa kuchezea. Mwezi Julai, usiku unapopoa, wenyeji huvaa masweta na kulalamika kwamba wanaganda. Hawagandi.

Hata hivyo safari hii hupangwa. Huipanga fundi wa mitambo aliyelipwa mafao baada ya mgodi kufungwa, mwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, aliyepata mwamba mzuri huko Geita, au kijana mwenye rafiki anayesoma Tokyo na kuweka picha za theluji mtandaoni. Ukifuatilia mikasa yao utaona kwamba michache sana hutokea mlimani. Mingi hutokea Kahama, miezi kadhaa kabla ya safari, watu wakiwa wamekaa mezani mbele ya soda. Kazi ya theluji ni kutangaza matokeo tu.

Mchezo wenyewe si mgeni kabisa katika ardhi ya Tanzania. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii zao na kuteleza kwenye barafu ya Kilimanjaro. Japani nayo ilikuwa imeanza mwaka mmoja tu kabla yao: Januari 1911 ofisa wa jeshi la Austria na Hungaria, Theodor von Lerch, aliwafundisha askari wa Kijapani kuteleza huko Takada, mkoani Niigata. Kwa hiyo Mchaga na Mjapani waliona skii karibu wakati mmoja. Japani ikaendelea na mchezo hadi kuandaa Olimpiki ya Majira ya Baridi mara mbili, Sapporo mwaka 1972 na Nagano mwaka 1998. Kilimanjaro ikapoteza zaidi ya robo tatu ya barafu iliyokuwapo mwaka ule wa 1912, na Mchaga akabaki na kahawa yake, jambo ambalo hajawahi kulijutia.

Mwana Afrika Mashariki aliyefanya safari hii kwa umakini kuliko wote ni Philip Boit wa Kenya. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996 alipelekwa Ufini na kampuni ya viatu ya Nike ili ajifunze skii za mbio ndefu, na huko ndiko alikoiona theluji kwa mara ya kwanza. Februari 1998 alisimama Nagano kwenye mstari wa kuanzia wa kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norwe alishinda. Boit alimaliza wa 92, nyuma ya wote waliomaliza, dakika 20 baada ya bingwa, na akamkuta Dæhlie bado yuko pale kwenye mstari akimsubiri amkumbatie. Boit alirudi nyumbani akampa mwanawe jina la Dæhlie, kisha akashiriki tena Olimpiki za mwaka 2002 na 2006.

Mpangaji wa Kahama huisoma habari hii na kutoka na somo lisilo lake. Huona kukumbatiwa. Asichokiona ni kwamba mwanamichezo wa taifa, mwenye mapafu ya mwinuko wa Eldoret, alifanya mazoezi karibu miaka miwili ili awe wa mwisho, ilhali yeye amejiandaa kwa video mbili alizotazama saluni. Tena bingwa hamsubiri kila mtu. Mtu wa mwisho wa kawaida husubiriwa na mwenye duka la kukodisha vifaa, anayetaka kufunga akale chakula cha jioni. Wako pia wanaomtaja Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya Tokyo mwaka 1984 na 1986 na ya Fukuoka mwaka 1986, kuwa ni ushahidi kwamba Mtanzania huiweza Japani. Ikangaa alikimbia barabarani, pakavu, amevaa viatu. Ushahidi wake haupokelewi.

Safari huanza na kamati. Hata kama msafiri ni mmoja, kamati huwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mjumbe anayeijua Japani. Mjumbe huyu hajawahi kufika huko. Aliwahi kuagiza gari la Noah. Ujuzi wake si wa kudharauliwa sana, kwani magari mengi ya mjini Kahama, kuanzia IST hadi Probox, yametoka Japani yakiwa yametumika, na mengine bado huzungumza lugha ya kwao. Ukiwasha injini asubuhi, sauti ya mwanamke hukuarifu kwa adabu kubwa kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Madereva wamesikia maneno hayo kwa miaka mingi wakiamini wanatakiwa safari njema. Mjumbe ameyakariri yote, na huwafundisha wasafiri wayatumie kama salamu. Msafiri anayemsikiliza hufika hotelini, huinama, huyatamka bila kukosea hata silabi, na humwacha mhudumu akipekua kaunta kutafuta kadi.

Bajeti ya kamati karibu kila mara huwa na kasoro ileile: huhesabu nauli ya ndege na kuusahau mlima. Mlimani kila kitu hulipiwa. Kuna kukodi skii, buti na fimbo, kuna mwalimu, na kuna tiketi ya lifti, ambayo ndiyo hoja inayoleta ubishi mrefu. Niseko, kisiwani Hokkaido, tiketi ya siku moja ya kupanda milima yake yote hupita yeni 10,000. Yeni moja huchezea kati ya shilingi 15 na 20, kwa hiyo kupandishwa mlima siku moja hugharimu zaidi ya shilingi 150,000, ambayo ndiyo ada ya pasipoti ya kielektroniki inayodumu miaka kumi. Hapo mjumbe mmoja hushauri kwamba msafiri apande kwa miguu na kulipia kuteremka tu. Hoja huungwa mkono kwa makofi na watu ambao hawaendi. Kuteremka ni bure, na mtu aliyevaa buti za skii akipanda kwa miguu huwa hana tena haja ya kuteremka. Huwa anahitaji kubebwa.

Baada ya bajeti huja viza. Mtanzania huiomba katika Ubalozi wa Japani, Dar es Salaam, akiwa na fomu, picha, tiketi iliyowekwa, uthibitisho wa kazi, taarifa ya benki na ratiba ya siku hadi siku. Ratiba ndiyo sehemu ambayo kamati huiandika kwa kipaji kikubwa. Siku ya kwanza, kufika. Siku ya pili, kuzoea hali ya hewa. Siku ya tatu, kuendelea kuzoea. Siku ya nne imeachwa wazi kwa sababu mwenyekiti alipigiwa simu na mkewe. Ubalozi hutaka kujua jina la hoteli na mji kwa kila usiku, na neno kuzoea si jina la mji.

Taarifa ya benki huwatesa zaidi watu wenye pesa. Mfanyakazi wa mshahara ana karatasi safi yenye stempu, na salio la kununulia vocha. Mwenye duara ana pesa za kununua duka zima la skii, lakini pesa hizo zimepita karashani mawe yanakosagwa, kwenye mwalo dhahabu inakooshwa, na mfukoni. Hazikuwahi kupita benki. Mshauri humwambia aziweke zote kwa mkupuo. Matokeo yake ni karatasi inayoonyesha salio la shilingi 12,000 kwa miezi mitano mfululizo, kisha Jumanne moja milioni 30 zinaingia, na Jumatano maombi ya viza yanapelekwa. Ofisa wa viza huitazama Jumanne ile kwa muda mrefu. Dawa yake ipo na si ngumu. Tangu mwaka 2019, lilipofunguliwa soko la madini la Geita na mengine kufuata, dhahabu ya wachimbaji wadogo huuzwa sokoni kwa risiti. Mchimbaji mwenye leseni aliyetunza risiti zake na kupitisha mauzo benki mwezi baada ya mwezi ana hadithi inayoeleweka hata kwa mtu ambaye hajawahi kuona duara. Asiye na risiti hubaki akieleza kwa mikono, na dirisha la viza ni dogo.

Kalenda nayo ina mtego wake. Kwa kuwa baridi ya Kahama ni ya Juni na Julai, na shule hufungwa wakati huo, kamati huona kwamba hiyo ndiyo miezi ya baridi duniani kote. Japani mwezi Julai ina joto la unyevunyevu ambalo mara nyingi hupita nyuzi 30, na milima ya skii imeota majani. Theluji yake huja Desemba na kukolea Januari na Februari. Upepo mkavu wa baridi hutoka Siberia, huvuka Bahari ya Japani na kunyonya unyevu njiani, kisha hugonga milima ya Honshu na Hokkaido na kuumwaga wote pale, ukiwa umegeuka theluji laini na nyepesi. Ndiyo maana mji unaoelekea bahari hiyo hufukiwa mita kadhaa, huku Tokyo, ng'ambo ya pili ya milima, watu wakitembea juani. Anayefika Julai na majaketi mawili huishia kulipia feni.

Kuhusu mahali pa kwenda, wajuzi husifu Niseko kwa theluji yake, Hakuba kwa ukubwa wa milima, Nozawa Onsen kwa ukongwe wa mji wake, na Zao kwa miti inayogandiwa hadi kuonekana mashetani meupe yaliyopanga foleni. Mgeni kabisa hahitaji sifa hizo. Anahitaji mahali pa karibu ambapo akishindwa atarudi mjini kabla ya giza. Gala Yuzawa, mkoani Niigata, ilijengwa kana kwamba mtu alimfikiria yeye: treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo hutumia saa moja na robo hivi, na kituo kiko ndani ya jengo lenyewe la skii, kwa hiyo mtu hushuka treni, hukodi vifaa na kupanda kebo bila kukanyaga barabara. Kamati huipinga Gala kwa sababu jina lake halisikiki ghali.

Katika suala la mavazi, Kahama ina utajiri usiosemwa. Mitumba inayofika huku huwa na majaketi mazito yaliyoshonwa kwa ajili ya milima ya theluji, na wateja wake wakubwa ni waendesha bodaboda. Alfajiri, kwenye kijiwe chochote cha mjini, utakuta kijana amevaa jaketi lisilopitisha maji, lenye kofia, mifuko ya ndani na kitambaa cha kuzuia theluji kiunoni, na pengine kipande cha tiketi ya lifti ya miaka iliyopita bado kinaning'inia kwenye zipu. Kijana huyo ndiye mtu aliyevaa sawasawa kwa Hokkaido kuliko kamati nzima. Msafiri mwenye akili hununua jaketi lake pale pale barabarani. Msafiri mwenye mdomo hutaja kwanza kwamba anakwenda Japani, na bei hupanda kabla ya pikipiki kuzimwa.

Chini ya jaketi ndiko makosa yanakojificha. Suruali ya jinsi na fulana ya pamba hunywa maji. Mtu akianguka mara kumi, na ataanguka zaidi ya hapo, huwa amevaa kitambaa kilicholowa katika nyuzi kumi chini ya sifuri, na mpaka jioni suruali yake inaweza kusimama peke yake. Nguo za ndani ziwe za sufu au za michezo, zinazokauka upesi, katikati kije kitu cha joto, na juu ya vyote kile kisichopitisha maji. Aliyewahi kufanya kazi mgodini hudhani ameshamaliza, maana ana helmeti, miwani, glovu za ngozi na buti za usalama. Ncha ya chuma kwenye buti hupokea baridi na kuikabidhi kidole gumba, na glovu za ngozi zikilowa hugeuka ubao. Helmeti ya mgodi ilitengenezwa kuzuia jiwe linaloanguka kutoka juu. Kwenye skii anayeanguka ni mvaaji. Kizibao cha kuakisi mwanga, ambacho wengi hukichukua kwa mazoea, hakidhuru kitu, isipokuwa wageni wengine humfuata aliyekivaa kumuuliza choo kiko wapi na gari waegeshe wapi. Wako waliojibu.

Chakula huchukua nafasi kubwa ya sanduku. Wazazi hufunga unga wa dona, michembe, matobolwa na nyama iliyokaushwa, wakiamini kwamba Japani ni nchi ya samaki mbichi na huruma kidogo. Nyama haivuki forodha ya Japani bila cheti rasmi cha ukaguzi wa mifugo kutoka nchi inakotoka, hata iwe imefungwa na mama mzazi kwa mikono yake, na mazao ya mimea huhitaji cheti cha afya ya mimea. Anayevificha hupoteza vyote na kuongezewa maswali. Kuhusu wali hana sababu ya kuogopa: Wajapani hula wali asubuhi, mchana na jioni, ingawa wa kwao hushikana, na mtu aliyelelewa kwa mchele wa Kahama atatumia siku ya kwanza kuamini kwamba mpishi alizidisha maji. Jambo ambalo kamati hailijui ni kwamba matobolwa yanamsubiri kule kule. Wajapani huvipika viazi vitamu kwa mvuke, huvikata vipande na kuvianika, huviita hoshi-imo, na mkoa wa Ibaraki ndio unaoongoza kwa kuvitengeneza. Huuzwa madukani katika pakiti nzuri sana, kwa bei ambayo bibi wa Mwendakulima hapaswi kuambiwa.

Njia ni ndefu lakini haina fumbo. Msafiri huenda Mwanza kwa basi, hupanda ndege hadi Dar es Salaam, kisha hubadilisha ndege Doha, Dubai au Addis Ababa, kwa kuwa hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Tanzania hadi Japani. Mkasa wa njiani ni wa saa. Saa za Japani zimetangulia za Tanzania kwa saa sita kamili, na usomaji wa Kiswahili nao hupishana na namba za saa kwa sita. Matokeo yake ni jambo la ajabu ambalo mataifa mengi hayajaonjeshwa: mama yake akisema Kahama ni saa mbili asubuhi, saa ya ukutani Tokyo inaonyesha mbili kamili, ya mchana. Mswahili hahitaji kupiga hesabu yoyote ili kujua nyumbani ni saa ngapi. Hutazama ukuta na kutaja namba anayoiona.

Wepesi huo humlevya. Tiketi ya treni imeandikwa 07:08. Msafiri, akiwa ameshazoea kutaja namba anayoiona, husoma saa saba na dakika nane, huoga bila haraka, hupita kununua soksi, na kufika kituoni mchana, saa sita baada ya treni kuondoka. Wala hasaidiwi na uzoefu wa stendi ya Kahama, ambako saa ya kuondoka huwa ni mwanzo wa mazungumzo. Treni ile iliondoka saa moja na dakika nane asubuhi, na dakika ya tisa haikuikuta.

Kwenye duka la kukodisha vifaa msafiri hupewa fomu inayouliza urefu, uzito, umri, kipimo cha mguu na kiwango cha uzoefu. Mguu huandikwa kwa sentimita. Anayeandika 42, kwa kuwa ndiyo namba ya kiatu chake, huwa ameomba buti linaloweza kumfika gotini kwa ulalo. Uzito ndio hatari zaidi, kwa sababu watu hudanganya. Wembamba hujiongezea heshima na wanene hujipunguzia aibu. Namba hiyo haiandikwi kwa ajili ya kumbukumbu. Fundi huitumia pamoja na majibu mengine kukaza kibano kinachoshika buti kwenye skii, ili kiachie mtu anapoanguka vibaya na mguu usivunjike. Aliyejiongezea kilo 20 kwa ajili ya hadhi hufungwa kwa nguvu za mtu mwingine, na skii haimwachii. Aliyejipunguzia hushangaa kuona skii zinaondoka bila yeye kila anapokata kona. Kwenye kiwango cha uzoefu, aliyetazama video aandike kwamba hajawahi.

Mteremko wenyewe haustahili maneno mengi. Mwanafunzi hufundishwa kukutanisha ncha za mbele za skii na kutanua za nyuma ili apunguze mwendo, na hulielewa somo mara moja, isipokuwa miguu. Akihisi anapoteza mizani, aketi upande. Kung'ang'ania kusimama ndiko kunakomfikisha kwenye uzio. Lifti ya viti haisimami kumsubiri mtu ashuke, na anayebaki amekaa huku akifikiria huanza kurudi chini, mbele ya macho ya wanaopanda. Miteremko ya Japani hupangwa kwa rangi: kijani ya wanaoanza, nyekundu ya waliokomaa kiasi, nyeusi ya mabingwa. Mashabiki wa soka la nyumbani huumizwa na mpango huu kwa namna isiyo ya haki. Mpenzi wa Yanga huufuata mteremko wa kijani kwa mapenzi na hufika chini salama. Mpenzi wa Simba hawezi kuonekana kwenye kijani, hupanda kwenye nyekundu kwa ajili ya klabu, na huteremshwa na wasamaria.

Jioni kuna chemchemi za maji moto, ambazo ndizo faida ya kweli ya safari hii kwa misuli iliyoumia. Sharti lake ni kwamba mtu aoge kwanza kwa sabuni akiwa ameketi kwenye kigoda, kisha aingie bwawani bila nguo yoyote, wanaume upande wao na wanawake wao, na kitambaa kidogo akiweke kichwani, kisiguse maji. Sehemu nyingi hukataa watu wenye tatuu. Masharti yote hayo hukubalika, ila kamati za Kahama zina tabia ya kupeleka safari moja baba mkwe na mkwewe, kwa kuwa mmoja ana pesa na mwingine anajua Kiingereza. Heshima ya ukwe haina kifungu kinachowaruhusu watu hao kukaa uchi katika bwawa moja, wakiwa wamefunikwa na mvuke peke yake. Wapo walioogopana hadi wakarudi Tanzania bila kuonja maji. Waliofanya kazi mgodini hulimaliza tatizo hili kwa dakika moja: zamu. Mzee huingia kabla ya chakula, kijana baada yake, na asubuhi hakuna anayemuuliza mwenzake maji yalikuwaje.

Linalobaki ni bima, na hapa utani unakoma kidogo. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi skii mpaka iandikwe wazi, na mtu anayepita chini ya kamba ya mpaka kwenda kwenye theluji isiyokanyagwa huweza kudaiwa gharama zote za kumtafuta. Kamba zile hazikufungwa kwa urembo. Nyuma yake kuna maporomoko ya theluji, na kuna mashimo laini kuzunguka vigogo vya miti ambamo mtu mzima huzama kichwa chini. Mjumbe anayesema njia ya mkato iko pale aachwe hotelini.

Ratiba ya maandalizi yenyewe huongozwa na viza. Ile ya kuingia mara moja hutumika ndani ya miezi mitatu tangu itolewe, kwa hiyo anayeiomba mapema mno hukosa sawa na aliyechelewa. Mwenye nia ya theluji ya Januari ashughulikie pasipoti mwezi Agosti, apitishe fedha zake benki kuanzia hapo bila kusubiri Jumanne yoyote, achague hoteli Septemba, na apeleke maombi ubalozini katikati ya Novemba. Jaketi alinunue kijiweni mapema, na akiulizwa la nini, aseme anahamia kwenye baridi ya Makete.